Mji Usiotajika Mbele ya Baba

Siku ya kwanza ya darasa la Kijapani, Sensei Hoshino alijigusa pua akasema "watashi", maana yake yeye mwenyewe. Kisha akajigusa sikio akasema "mimi". Nikamtazama Faridah. Faridah akanitazama. Katika darasa zima, hapo chuoni kwetu Wembley, ni sisi wawili tu tuliojua kwamba mwalimu amepotea njia kichwani pake mwenyewe.

"Mimi!" darasa likaitikia, kila mtu ameshika sikio lake.

"Mimi pia," nikasema.

Faridah akalaza paji la uso mezani, mabega yakamtetemeka. Sensei akadhani anaumwa, akafungua dirisha. Halafu akainua penseli juu na kuuliza, "Nani?"

"Elkana," nikajibu, kwa adabu zote.

Kumbe kwao nani ni nini. Kesho kwao ni vipodozi, na kuku ni jedwali la kuzidisha. Ni kama mtu aliingia ndani ya Kiswahili, akayahamisha maneno vyumba, akaondoka bila kuiba kitu. Hata irabu zao ni zetu zile zile, a e i o u, hakuna ziada. Waingereza wa darasani walizitafuna kama chingamu. Sisi tulizitema safi, na Faridah alizitema safi kuliko mimi.

Chuo chetu kina urafiki na shule moja ya Japani. Kila mwaka mwanafunzi wao mmoja anakuja huku kula chipsi na kunyeshewa, na mmoja wetu anakwenda kwao mwaka mzima, anakaa na familia, anasoma lugha, nauli na chakula juu yao. Anayetaka anaingia darasa la mwanzo, asubuhi hadi jioni. Siku ya mwisho anasimama mbele ya Sensei, mkuu wa safari na wazazi, anajieleza kwa Kijapani huku kamera inamrekodi. Mmoja anachaguliwa. Wengine wanapewa biskuti.

Mimi niliingia kwa sababu chumba kile kina hita inayofanya kazi. Imran wa Queensbury, ambaye bibi yake alikulia Nakuru na kumrithisha matusi ya Kiswahili na hakuna kingine, aliingia kwa sababu mimi nimeingia. Faridah ndiye aliyekuja na kiu yake.

Mamake hushona nguo nyumbani, na alikuwa amenunua cherehani ya umeme ya mkono wa pili, iliyotoka Japani, yenye vitufe kama chumba cha rubani na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Faridah akaanza na kitufe kimoja, akazitafuta alama zake kwenye simu, akaenda cha pili. Alipoimaliza cherehani akajikuta ameshika nusu ya herufi za watu. Kwa hiyo siku ile ya kwanza, sisi wengine tukishangaa michoro ubaoni, yeye aliisoma kwa sauti ndogo, mstari mzima. Sensei akaiweka kalamu chini.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa cherehani," akasema Faridah.

Sensei akacheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Kuanzia hapo kila mtu darasani alijua nani anakwenda Japani na nani anakula biskuti.

Tatizo la Faridah lilikuwa kwamba mlango wake ulikuwa huo mmoja tu. Baba yake, Mzee Soud, alishampangia kusoma ufamasia hapa hapa London, arudi nyumbani kila jioni. Kumwachia bintiye aende mbali hivi hivi, thubutu. Lakini safari ya chuo, yenye mwalimu wake na familia ya kumpokea, alikuwa ameikubali kwa kinywa chake.

"Hii nikiikosa, Elkana," aliniambia, "nitahesabu vidonge mpaka nizeeke."

"Vidonge vinalipa."

"Basi kavihesabu wewe."

Siku ya pili Sensei akaandika ubaoni jina la mji ambako mteule angeenda. Kumamoto. Akalisoma polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayetufunulia zawadi.

Msomaji, wewe ni mtu mzima. Mimi sitalikata jina hilo vipande. Likate mwenyewe, kama hakuna mgeni karibu.

Imran akatoa sauti ya tairi inayopoteza upepo. Mimi niliuma mkono wa sweta langu. Faridah hakucheka. Aliliandika, akaitua kalamu, akautazama ukuta.

Na Sensei, maskini, alikuwa ndio kwanza anaanza. Akatoa kwenye mkoba wake mdoli wa dubu mwenye manyoya. Akaeleza kwamba nusu ya kwanza ya jina la mji maana yake ni mnyama huyu, na akampitisha mkono kwa mkono ili kila anayempokea amtaje. Basi ikawa hivyo. Wasichana wa Kiingereza, mvulana wa Kipolandi, wote wakalitaja neno hilo kwa furaha, wakimbusu dubu puani. Nilidhani mbavu zitanitoka. Dubu akafika kwa Imran, akamtaja kwa sauti ya mhubiri. Akafika kwangu, nikamtaja na kumwongezea "san" mwishoni, maana kwao ndiyo heshima. Akafika kwa Faridah.

"Dubu," akasema Faridah.

"Hapana, hapana," Sensei akacheka, "kwa Kijapani."

Faridah akamwangalia yule mnyama, mnyama akamwangalia. Kisha akampokeza wa pembeni yake bila neno.

Wakati wa mapumziko nilimfuata kwenye mashine ya chai.

"Faridah, ni mnyama tu. Ana manyoya."

"Wallahi nyamaza!"

"Sasa nimesema nini?"

"Wewe hata ukisema 'mnyama' ushasema. Kwani nyinyi huko bara mwalitaja hivi hivi tu, kama jina la ng'ombe?"

"Huko ukilitaja unachapwa. Huku hakuna wa kuchapa."

"Mimi sijawahi kuchapwa," akasema. "Halijawahi kunitoka. Si kwa hasira, si kwa mchezo. Ni hivyo tu, ndivyo tulivyolelewa."

"Lakini ni Kijapani, bana. Hapa nani atasikia?"

"Nani?" akasema. "Ndiyo nini hicho?" Tukacheka wote wawili, na kwa muda mambo yakawa mepesi.

Halafu akaniambia kwamba amelijaribu bafuni, peke yake, bomba likiwa wazi. Limetoka. Lakini maji yalipofungwa, alijisikia kama amemtukana mtu na hajui ni nani.

Jioni ile alimfuata Sensei. Nilikuwa nafunga begi langu taratibu, kama afanyavyo mtu anayetaka kusikia. Aliuliza kama siku ya mwisho anaweza kusema anataka kwenda Kyushu, ambalo ni jina la kisiwa chenye mji ule, au aseme Japani basi. Sensei akasema hapana, kwa upole. Kila mtu anataka kwenda Japani. Rekodi ile itatazamwa na walimu wa kule, nao wanaupenda mji wao. Anayeomba kupokelewa autaje.

"Kwa lugha yetu," Faridah akasema, akitafuta maneno ya Kiingereza kama mtu anayetafuta funguo gizani, "jina hilo si zuri."

Tabasamu la Sensei lilibaki pale pale, ila taa ya nyuma yake ilizimika.

"Ni jina zuri sana," akasema. "Ni la zamani sana."

Faridah akainama kama tulivyofundishwa, akatoka. Nikamkimbilia kwenye ngazi.

"Niache nimweleze. Maneno mawili tu."

"Ng'o! Ukimweleza, kila akinitazama atakuwa ajua ninachowaza. Nitasomaje?"

"Sasa siku yenyewe utafanyaje?"

Akafunga zipu ya koti. "Yuaja mama, si baba. Mbele ya mama nitafumba macho niseme. Mama ni mwanamke mwenzangu, atacheka, kisha tukifika nyumbani atanifinya."

Huo ndio uliokuwa mpango, na ulikuwa mpango mzuri.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nakaa na Anti Teresia, dada ya baba, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Stanmore. Mimi nina jina la baba yake mzazi, kwa hiyo huniita baba, hata anaponikaripia. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho nilimkuta anapaka miguu yake mafuta.

"Anti, kesho huwezi kuja hata kidogo?"

"Baba, wenzangu wawili wamepiga simu wanaumwa. Nikija kukutazama wewe ukiongea Kichina, nani atamgeuza yule mama wa chumba cha mwisho?"

"Ni Kijapani."

"Nitakuombea kwenye basi. Huo mji unaitwaje, niutaje kwenye maombi?"

"Taja Japani tu, anti. Mungu atajua mwenyewe."

Asubuhi, mlango wa ukumbi ulipofunguliwa, aliyeingia na Faridah hakuwa mamake.

Mzee Soud huwa anasimamia milango kwenye uwanja wa mpira, na kwa kawaida Jumamosi ya mechi hata kwa kamba humtoi pale. Siku hiyo alikuwa amebadilishana shifti. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama, koti la suti juu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono, na viatu vipya vilivyokuwa vikimlalamikia kila hatua. Faridah alikuwa nyuma yake, mikono imeshikana, uso umekauka.

"Shikamoo, Mzee Soud."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Elkana? Mcheshi wao?" Akanipa mkono, akaushika wangu kwa miwili. "Huyu mwenzio kila jioni Elkana kasema hivi, Elkana kafanya vile. Wazee wako wako wapi?"

"Ninaye anti, mzee. Yuko kazini."

"Basi leo mimi nimekaa mahali pake. Njoo uketi hapa, tukupigie makofi."

Nikaketi. Faridah akaja akainama kana kwamba anaokota kitu chini ya kiti changu.

"Baba kamwambia mama hii ni siku yake yeye," akaninong'oneza. "Hata hakulala. Elkana, wewe watangulia. Usilitaje."

"Nisilitaje vipi? Ndilo swali lenyewe."

"Sema kisiwa."

"Si alikataa?"

"Mumeze basi! Mumeze huyo mnyama!"

Tuliitwa kwa mpangilio wa herufi, mimi mbele yake. Nikapanda jukwaani. Nikasema naitwa Elkana, nakaa Wembley, napenda mpira na kulala. Watu wakacheka. Nikafika kwenye mji, nikaumeza. Nilisema kitu kama mtu anayekohoa ndani ya mto.

Sensei akainua kidole. "Kwa sauti, tafadhali. Kamera haikukusikia."

Nilimtazama Faridah. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Nilimtazama mkuu wa safari, kalamu yake ikining'inia juu ya karatasi. Sasa mtu anafanya nini hapo? Nikalisema. Lote, silabi zake nne, kwa ile lafudhi yetu safi. Ukumbi ule una mwangwi.

Makofi yakapigwa. Mzee Soud hakupiga. Niliposhuka, koti lake la suti lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya kiti nilichokuwa nimekalia. Nikaenda kukaa safu ya nyuma karibu na Imran.

Faridah akapanda.

Nikwambie ukweli, sijawahi kusikia mtu akiongea lugha ya kigeni hivyo. Jina lake, umri wake, Mombasa alikozaliwa, cherehani ya mamake na vitufe vyake. Mwalimu mwingine wa Kijapani aliyealikwa kusikiliza aliacha kuandika akabaki anamtazama tu. Mzee Soud alikuwa haelewi hata neno, lakini mgongo wake ulikuwa umeanza kunyooka tena kidogo kidogo, mpaka kofia ikakaa sawa.

Kisha akafika pale.

"Watashi wa," akasema Faridah. Akanyamaza.

Sensei akatabasamu, akasubiri. Kamera ikasubiri. Mtu akakohoa.

"Watashi wa..."

Na Sensei, kwa moyo wake wote mzuri, akaamua kumsaidia. Akaegemea mbele, akamtolea silabi ya kwanza, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anayejifunza kutembea.

"Ku..."

Faridah akatazama chini.

"Ku... ma..." akasema Sensei. Akangoja. Akarudia, sasa kwa sauti zaidi, na kwa mkono akampigia mdundo hewani. Mvulana wa Kipolandi, naye akitaka kusaidia, akadakia. Wasichana wawili wakadakia. Safu nzima ya watu wema, wenye nyuso za huruma, wakimwimbia binti wa watu nusu ya kwanza ya jina la mji, mbele ya babake.

Mzee Soud alikuwa ameinua macho, anazitazama taa za dari. Alizitazama kama mtu anayezihesabu.

"Soko," akasema Faridah kwa ghafla. "Soko ni ikitai desu."

Soko kwao ni huko. Alisema anataka kwenda huko. Ilikuwa sentensi sahihi, na mimi peke yangu nilijua ameitoa umbali gani. Sensei akakunja uso, akimtafutia njia.

"Soko wa doko desu ka?" Huko ni wapi?

"Soko," akasema Faridah. Macho yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikutetemeka. "Soko desu." Ni huko.

Akainama, akashuka. Kalamu ya mkuu wa safari ikaandika kitu kifupi.

Babake alisimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote. Nilikuwa safu ya nyuma yao, nilisikia.

"Hukusoma, mwanangu," akasema Mzee Soud. Aliisema pole pole, kwa upole mwingi.

Faridah akamtazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa anapewa nini.

"Naam, baba," akasema. "Sikusoma."

Alijua yule mzee. Mtu wa Mombasa mwenye masikio mawili, angekosaje kujua? Na Faridah alijua kwamba anajua. Lakini walikuwa na safari ya basi mpaka Queensbury, wakae kiti kimoja, na ilibidi wawe na sababu ya kukaa nayo. Walichukua hiyo.

Walipopita mbele yangu nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

Viatu vikaendelea kulalamika hadi mlangoni. Marahaba haikuja. Kama hujalelewa na neno hilo hutaelewa. Ni kama kunyoosha mkono gizani ukakuta ukuta.

Jumatatu Sensei aliniita ofisini. Mkuu wa safari alikuwepo, akanipa mkono, akasema hongera, nimechaguliwa. Nikadhani ni mzaha, na mzaha ni kazi yangu, ningeujua. Sensei akaeleza kwamba Kijapani changu bado kina mashimo, lakini lugha haisemwi na mtu anayeogopa kukosea. Akasema nilisimama pale nikazungumza bila aibu yoyote.

Aliniambia kwa Kiingereza, kama sifa. Mimi nikaisikia kwa Kiswahili. Bila aibu. Hana haya. Nyumbani mtu akikwambia hivyo anakuwa amemaliza maneno, kilichobaki ni kukufungia mlango. Na hapa nilikuwa nashikwa mkono na kupewa mwaka mzima kwa sifa hiyo hiyo.

Mkuu alipotoka nilibaki.

"Sensei, Faridah alilijua jina la mji."

"Alishikwa na woga. Inatokea."

"Hakushikwa na woga." Na hapo nikamweleza. Faridah alinikataza, najua, lakini alinikataza wakati kulikuwa na kitu cha kulinda. Nilimweleza kwa Kiingereza, nikizunguka mbali, kisha nikaingia ndani, maana hakukuwa na njia nyingine. Nilimwambia neno lile kwetu ni kiungo gani, cha nani, na linatajwa lini, na mbele ya nani halitajwi hata nyumba ikiungua.

Sensei akafunika mdomo kwa mkono. Nilidhani anacheka kama siku ile ya cherehani. Hakuwa anacheka.

"Mimi nilimpa silabi," akasema.

"Ndiyo, Sensei."

"Moja moja."

"Ndiyo."

"Na baba yake amekaa pale."

Sensei alitazama dirishani. Kisha akageuka, na sauti yake ilikuwa na kitu kama lawama, ingawa sijui ilikuwa kwangu au kwake.

"Lakini wewe uliweza. Si ni lugha yako pia?"

"Mtu wangu hakuwepo, Sensei," nikasema. Sikumwambia kwamba kulikuwa na mzee aliyejitolea kuwa wangu asubuhi ile, na kwamba alidumu dakika chache.

Akakaa kwenye kompyuta. Akasema atawaandikia wenzake wa kule Japani, awaombe wamsikilize Faridah upya, awaeleze sababu. Akaandika salamu. Nilimwona akiandika salamu, ndefu, kama wafanyavyo. Kisha vidole vikasimama. Akaandika nusu mstari, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Masikio yake yakawa mekundu.

"Nitawaambiaje?" akasema hatimaye, si kwangu. "Mkuu wa shule ile ni mzee wa heshima. Amezaliwa pale. Nimwambie mji wake, kwa lugha ya mwanafunzi wangu, ni..."

Hakumaliza. Hata yeye. Neno alilolipitisha darasani mkono kwa mkono likiwa na manyoya, sasa lilimkwama kooni kama lilivyomkwama Faridah, kwa sababu sasa alikuwa nalo zima, na mbele yake kulikuwa na mzee wa kuheshimiwa. Ningeweza kumpa silabi. Sikumpa.

Akaifunga barua bila kuituma. Akasema rekodi zimeshakwenda, na jina limeshakwenda, na kanuni ni kanuni. Akasema atamwandikia Faridah sifa nzuri za kuombea chuo.

"Cha ufamasia," nikasema.

"Ni kazi nzuri," akasema Sensei, na hakunitazama.

Nilimkuta Faridah kituo cha basi, amevaa mkoba mbele kama wageni wa mji. Habari zilikuwa zimeshamfikia; Imran hawezi kukaa na kitu. Nikasimama kando yake. Mvua ilikuwa ile ya hapa, isiyonyesha wala kuacha.

"Hongera," akasema.

"Naikataa. Nimeamua. Nitakwenda kesho niwaambie siendi."

"Ukikataa atakwenda Imran."

Nikafikiria Imran kule, mbele ya mkuu wa shule mzee wa heshima. Faridah naye nadhani alimfikiria, maana mdomo ulimcheza kidogo, kisha ukatulia.

"Basi niende kwa babako. Nimweleze kwamba ulisoma. Kwamba ulikuwa bora kuliko wote, kwamba hata mwalimu mgeni aliacha kuandika. Hawezi kukaa akidhani..."

"Hadhani." Akanigeukia. "Elkana, baba hadhani. Baba yuajua. Jana kaniletea vitabu vya ufamasia, vitatu, kanunua mwenyewe, kaviweka mezani kasema, 'Hivi utavisoma, sivyo?' Nami nikasema nitavisoma. Sasa wewe waenda kumwambia nini? Hebu sema. Nijaribie mimi. Mimi ni baba, nimeketi, na kofia yangu. Haya, nieleze kwa nini binti yangu alinyamaza."

Nikafungua mdomo.

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nianze kuota meno. Nilimtazama usoni, alikuwa amekaza macho kama babake, amengoja kwa adabu kabisa. Nikatafuta mlango wa mbele, nikatafuta wa nyuma, nikatafuta dirisha. Kila nilipopita nilikuta neno limekaa hapo hapo.

"Umeona?" akasema. "Kumbe nawe haya unayo kidogo."

Basi la Queensbury likaja na kufungua milango yake kwa ule mshindo wa kuchoka. Akatoa kadi mfukoni. Akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani, akageuka.

"Nenda. Soma vizuri, si kwa mchezo. Na ukifika salama, usinipigie simu ukanambia uko wapi."

Dereva akafunga mlango. Kupitia kioo nilimwona akitafuta kiti, akakipata, akafungua mkoba na kutoa kitabu kinene kipya, akakiweka magotini bila kukifunua.